Kudai bima ya mkopo Uingereza: njia ipi inaacha doa kwenye rekodi yako, ipi haiachi

Jumapili moja mwezi wa tisa, kaka mmoja tunayefahamiana hapa Coventry alikuja kwangu na simu mkononi, akaiweka mezani kabla hata sijamkaribisha chai. Kwenye kioo ilikuwa ripoti yake ya Experian, kampuni inayotunza rekodi za mikopo, upande wa mkopo binafsi. Chini ya jina la mkopeshaji kulikuwa na visanduku vya miezi: 0, 0, 0, 0, halafu 1, halafu 2, halafu 3.

"Dada," akasema, "bima nilidai, na imenilipa. Mbona nimechafuka?"

Alikuwa amepunguzwa kazi ghalani mwanzoni mwa Machi. Mkopo wake ulikuwa na bima ya kulinda marejesho, ile inayolipa rejesho la mwezi ukiumwa au ukipoteza kazi. Alijaza fomu, akasubiri, akalipwa. Kwa hesabu yake, kama bima imelipa basi hakuna ubaya uliotokea. Sasa alikuwa anataka kununua gari kwa mkopo, amekataliwa, na jirani yake amemwambia kwamba ukidai bima jina lako linaingia kwenye orodha ya watu wabaya.

Jirani amekosea, na kosa hilo limewatia hofu wengi wetu hadi wanaacha kudai haki yao. Dai la bima haliandikwi kwenye rekodi ya mikopo. Haliandikwi likikubaliwa, haliandikwi likikataliwa. Kilichoandikwa kwa kaka yetu ni marejesho ya Aprili, Mei na Juni ambayo hayakufika kwa mkopeshaji wakati bima bado inapekua makaratasi yake. Ukishika hilo, kuchagua njia kunakuwa rahisi zaidi, kwa sababu unachotakiwa kulinganisha ni nani atalipa rejesho wakati unasubiri.

Kilichomo ndani ya rekodi

Sisi tuliotoka Kenya tumezoea kusikia kwamba fulani "yuko CRB" (ofisi ya taarifa za mikopo), maana yake amekwama, hakopesheki. Hapa mambo ni tofauti kidogo. Kampuni tatu, Experian, Equifax na TransUnion, zina faili la karibu kila mtu mzima anayetumia benki, mwenye deni na asiye na deni, mlipaji mzuri na mbaya. Ndani yake kuna akaunti zako za mkopo, salio, jinsi ulivyolipa mwezi kwa mwezi, anwani zako, hukumu za mahakama kuhusu madeni, kufilisika, na alama za waliokuchungulia ulipoomba mkopo. Mshahara wako haumo. Akiba yako haimo. Kuumwa kwako hakumo, wala bima zako, wala malalamiko uliyowahi kumpelekea mkopeshaji.

Vile visanduku vinasomwa hivi katika ripoti ya Experian: 0 ni kwamba huna rejesho lililochelewa, 1 umechelewa mwezi mmoja, 2 miwili, na kuendelea. Namba ya kuogopa ni 8. Hiyo ni akaunti iliyotangazwa kuwa mkataba umevunjika, na kwa kawaida mkopeshaji huifikia ukiwa nyuma kati ya miezi mitatu na sita. Kabla ya hapo lazima akuandikie notisi na kukupa angalau siku 14 za kulipa kilichochelewa. Ukishapigwa 8, inakaa miaka sita tangu tarehe hiyo, hata ukilipa deni lote wiki inayofuata. Kaka yetu alikuwa amefika 3. Alikuwa ukingoni.

Maneno mawili yanayochanganywa

Mtu akisema "nimedai PPI", kifupi cha Kiingereza cha hii bima ya kulinda marejesho, anaweza kuwa na maana mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza ni kama ya kaka yetu: una bima, janga limekufika, unataka ilipe. Ya pili ni malalamiko: uliuziwa bima ambayo hukuihitaji, au hukujua kwamba unayo, na unataka urudishiwe pesa zako.

Hii ya pili ndiyo iliyotikisa Uingereza nzima. Benki na wakopeshaji waliuza bima hizi hadi milioni 64, nyingi kati ya mwaka 1990 na 2010. Ziliambatanishwa na mikopo binafsi, kadi za mkopo, mikopo ya nyumba, hata kadi za maduka ya nguo. Waliuziwa watu waliojiajiri ambao bima isingewalipa kwa kupoteza kazi, waliuziwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshatolewa nje ya bima, na wengine waliambiwa kwamba bila bima mkopo hautapita. Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, walipeleka lalamiko rasmi kwa wasimamizi mwaka 2005. Mabenki yalikwenda mahakamani kupinga masharti mapya ya kushughulikia malalamiko, yakashindwa Aprili 2011, na tangu hapo fidia ikaanza kumwagika. Lango la kulalamika lilifungwa tarehe 29 Agosti 2019, na kwa jumla zimelipwa zaidi ya pauni bilioni 38.

Katikati ya hayo kuna kesi moja inayonigusa kila ninapoisoma, ya Bi Susan Plevin dhidi ya Paragon, kampuni ya mikopo, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Novemba 2014. Alikuwa mjane na mwalimu wa chuo. Alikopa pauni 34,000 kwa miaka kumi, akabebeshwa juu yake bima ya pauni 5,780, na bima yenyewe ilikuwa ya miaka mitano tu. Katika hizo 5,780, asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni ya mawakala na mkopeshaji. Iliyofika kwa kampuni ya bima ni kama pauni 1,630. Hakuambiwa. Na kwa kuwa ada yote iliingizwa kwenye mkopo siku ya kwanza, alikuwa analipia riba hata hiyo kamisheni.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia usidai kwa sababu "utaharibu jina", kumbuka mamilioni walidai wakarudishiwa pesa zao na riba ya asilimia 8 juu yake, na lalamiko lenyewe halikugusa faili la hata mmoja wao.

Kudai bima, au kumwomba mkopeshaji nafuu?

Hapa ndipo watu wengi wanaposimama njia panda wakishapoteza kazi au afya, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Bima ina faida moja kubwa: ikilipa kwa wakati, rekodi yako inabaki 0, 0, 0 kama vile hakuna kilichotokea. Mkopeshaji hajali rejesho limetoka kwenye mshahara au kwa bima. Pesa imefika, basi. Bima nyingi za aina hii hulipa hadi miezi 12 kwa janga moja.

Ubaya wake ni kipindi cha kusubiri. Soma mkataba wako utakuta siku 30, 60 au 90 ambazo bima hailipi kitu. Kisha nyingi hulipa mwishoni mwa mwezi, sio mwanzoni. Tuchukue ya kaka yetu, maana nilikaa nayo mezani na kalenda. Rejesho lake ni pauni 240, tarehe 5 ya kila mwezi. La Machi lililipwa na mshahara wa mwisho. Kipindi cha kusubiri ni siku 60, kwa hiyo kiliisha mwishoni mwa Aprili. Malipo ya kwanza ya bima yalikuwa yatoke siku 30 baadaye, mwishoni mwa Mei. Maana yake, hata kama kila mtu angefanya kazi yake sawasawa, rejesho la Aprili na la Mei yasingelipwa na bima kwa wakati. Mkataba wenyewe ulishamwandikia namba 2 kabla hajajaza fomu.

Pauni 480. Marejesho mawili. Hizo ndizo zilizotenganisha rekodi safi na rekodi chafu.

Zipo bima ambazo kipindi cha kusubiri kikiisha hurudi nyuma na kulipa tangu siku ya kwanza. Zinapendeza, lakini hata hizo pesa huja baadaye, na kisanduku cha Aprili hakisubiri. Na kabla ya kutegemea bima yoyote, angalia kwanza kama unastahili: wengi wetu tunafanya kazi za wakala, mikataba ya saa sifuri isiyokuahidi saa zozote za kazi, au tumejiajiri na gari la kubebea vifurushi, na sehemu ya kupoteza kazi mara nyingi haituhusu. Ukijiuzulu mwenyewe au ukikubali kuondoka kwa hiari, hawalipi. Ukipunguzwa kazi ndani ya miezi michache ya kwanza tangu ununue bima, kwa kawaida hawalipi. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kununua, mara nyingi hawalipi.

Upande wa pili ni kumpigia mkopeshaji na kusema ukweli: nimepoteza kazi, ninaweza kutoa kiasi hiki, nipe muda. Wanalazimika kukusikiliza na kukutendea kwa haki. Wanaweza kusimamisha riba, kupunguza rejesho, au kukubali malipo kidogo kwa miezi kadhaa. Faida yake ni kwamba inafanya kazi leo, sio baada ya siku 90. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi inaonekana: akaunti huwekewa alama ya mpango wa malipo, au inaendelea kuhesabu uchelewaji kwa sababu kile ulichokubaliana si rejesho kamili. Mkopeshaji mwingine akiiona atajua ulipitia shida. Hata hivyo alama ya mpango ni nyepesi mno ukiilinganisha na 8, na mtu aliyepiga simu mapema mara chache hufikishwa kwenye 8 bila kupewa nafasi.

Wapo wanaokumbuka wakati wa korona, 2020 na 2021, tulipopewa likizo ya marejesho na rekodi zikabaki safi. Ule ulikuwa utaratibu wa dharura na uliisha Julai 2021. Usidhani bado upo. Kwenye mkopo wa nyumba kuna kilichobaki kinachofanana nao: tangu Juni 2023 wakopeshaji waliotia saini makubaliano na serikali humruhusu mteja ambaye hajachelewa marejesho kulipa riba peke yake kwa miezi sita, na hilo halishushi alama zake za ukopaji. Hajachelewa, narudia. Ukisubiri mpaka umekosa mwezi mmoja, mlango huo unakuwa mgumu. Kwa mkopo binafsi na kadi hakuna kitu kama hicho.

Kwa hiyo kati ya njia hizi mbili, ushauri wangu ni kutumia zote, kwa mpangilio huu. Siku ileile unayopewa barua ya kupunguzwa kazi, au daktari anapokuandikia kupumzika, piga simu kwa bima uombe fomu. Bila kusubiri jibu lao, piga simu kwa mkopeshaji pia: mwambie nina bima, namba ya dai langu ni hii, kipindi cha kusubiri kinaisha tarehe hii. Uliza swali moja waziwazi: "Mtaripoti nini kwa Experian na wenzake katika miezi hii?" Andika jina la aliyekujibu na tarehe, au omba jibu kwa maandishi. Kisha, kama kuna akiba yoyote, au hata kikundi chenu cha kusaidiana kinaweza kukuinua, itumie kwenye rejesho kamili la miezi ya kusubiri kabla ya kitu kingine, ukishaondoa kodi ya nyumba na chakula. Nyumba na tumbo kwanza. Rekodi baadaye.

Na usizime makato ya benki kimyakimya ukidhani bima imeshachukua mzigo. Uliza pia bima inamlipa nani. Baadhi hupeleka pesa moja kwa moja kwa mkopeshaji, nyingine hukuwekea wewe, na nimeona mtu aliyekuwa akipokea pesa za bima kwenye akaunti yake, akazitumia akidhani ni msaada wa kujikimu, wakati mkopo unalimbikiza.

Mapumziko ya siku 60, na mipango mizito

England na Wales, tangu Mei 2021, mshauri wa madeni anaweza kukuingiza kwenye mapumziko ya siku 60 ambapo riba na ufuatiliaji wa madeni husimama. Ni kinga nzuri ukishindwa kupumua kwa simu za wadai, na kuwemo ndani yake hakuandikwi kwenye faili lako. Lakini rejesho usilolipa bado linaweza kuripotiwa kama halikulipwa.

Ukifika kwenye makubaliano rasmi ya kugawana madeni na wadai, yale yanayojulikana kwa herufi IVA, au kufilisika, sasa tumetoka kwenye madoa madogo. Yote mawili yanakaa miaka sita. Hapa bima inaingia kwa njia ambayo wengi hawaitarajii: ukirudishiwa pesa za bima uliyouziwa vibaya kabla ya kufilisika, pesa hizo ni mali ya msimamizi wa ufilisi wako, hata kama zimekuja miaka mingi baada ya wewe kuachiwa huru. Kwenye IVA kwa kawaida huenda kwa wadai. Scotland mambo yaligeuka mwaka 2018, Mahakama ya Juu iliposema kwamba mtu aliyemaliza mkataba wake wa dhamana ya madeni na kuachiwa, fidia iliyogunduliwa baadaye ni yake.

Kulalamika kuhusu mauzo: kunagusaje ukopaji wako?

Lango la PPI limefungwa, ila malalamiko ya aina hiyo hayajaisha. Leo watu wanalalamikia kamisheni zilizofichwa kwenye mikopo ya magari, hasa ile mikataba iliyomruhusu muuza gari kupandisha riba ili yeye apate zaidi, ambayo ilipigwa marufuku Januari 2021. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu yake kuhusu kamisheni za mikopo ya magari tarehe 1 Agosti 2025. Wengine wanalalamika kwamba walikopeshwa wakati mkopeshaji aliona wazi hawawezi kulipa. Na bima mpya, zilizouzwa baada ya lango kufungwa, bado unaweza kuzilalamikia.

Lalamiko la kamisheni au la bima: halishushi alama zako za ukopaji, wala halizipandishi. Ukishinda unapata pesa. Kama mkopo bado upo na umechelewa, mkopeshaji anaweza kuzielekeza kwenye malimbikizo badala ya kukupa mkononi, na hapo salio lako linashuka, jambo ambalo rekodi italionyesha kwa uzuri. Lakini vile visanduku vya 1 na 2 vya zamani vinabaki, isipokuwa ukionyesha kwamba bima yenyewe ndiyo iliyokusukuma ukashindwa. Kama rejesho lilikuwa pauni 240 na 40 kati yake ni bima usiyoiomba, na ulikosa kwa kupungukiwa na kiasi kama hicho, sema hivyo ndani ya barua ya malalamiko. Omba pesa, na omba pia rekodi irekebishwe. Watu husahau sentensi hiyo ya pili.

Lalamiko la kukopeshwa usipopaswa kukopeshwa ni tofauti, na kwa mtu anayejali rekodi ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Ukishinda, kwa kawaida unarudishiwa riba na ada, na mkopeshaji anatakiwa kuondoa taarifa mbaya za mkopo huo kwenye faili ukishamaliza kurudisha ulichokopa. Nimeona doa la miaka minne likifutwa hivyo.

Katika yote haya utaratibu ni mmoja. Unaandika kwa kampuni. Kwa kawaida ina wiki nane kukujibu, ingawa kwa kamisheni za magari muda huo uliongezwa. Usiporidhika, unapeleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha, ndani ya miezi sita tangu jibu la mwisho, bila kulipa hata senti. Na ukiwa unasubiri, endelea kulipa. Hii ndiyo hatari halisi ya malalamiko kwa rekodi yako: mtu anakasirika, anasema "walinidanganya, silipi tena", na mkopeshaji anaendelea kuripoti kama kawaida. Lalamiko linashinda baada ya miezi kumi na rekodi imeshapata 8.

Kuhusu kampuni zinazokupigia simu kukudaia, nitasema machache. Kwa PPI sheria iliziwekea kikomo cha asilimia 20, na kodi juu yake. Kwa madai mengine ya fedha, fidia isiyofika pauni 1,500 wanaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 30, na kodi juu yake. Wanachofanya ni kuandika barua ileile ambayo wewe, au mtoto wako wa sekondari, anaweza kuandika. Rekodi hawaigusi, lakini bili yao ukishindwa kuilipa inaweza kukufikisha mahakamani, na hukumu hiyo inaingia kwenye faili. Kwangu mimi, kama unaweza kuandika barua pepe, huwahitaji.

Kabla hujanunua: bima ya mkopo au bima ya kipato?

Tangu 2012 mkopeshaji haruhusiwi kukuuzia bima ya mkopo siku ileile anayokukopesha. Lazima zipite siku saba, isipokuwa wewe mwenyewe ukirudi kuiomba baada ya saa 24. Tumia siku hizo.

Bima ya mkopo inalinda deni moja. Inalipa rejesho la deni hilo, kwa mwaka mmoja hivi, basi. Bima ya kipato inakulinda wewe: ukiumwa inakulipa sehemu ya mshahara wako, mara nyingi kati ya nusu na theluthi mbili, na ile ya muda mrefu huendelea mpaka urudi kazini au ustaafu. Kwa pesa hizo unaamua mwenyewe nini kilipwe kwanza. Upungufu wake ni kwamba nyingi hazihusiki na kupunguzwa kazi, ni ugonjwa na ajali tu. Mwenye watoto na kodi ya nyumba kubwa, ningemwelekeza kwenye bima ya kipato. Mwenye mkopo mmoja mdogo unaoisha baada ya miaka miwili, ningemwambia aweke pembeni marejesho matatu, akaunti nyingine kabisa, na asiyaguse. Kaka yetu angekuwa na 480 hizo, leo tusingekuwa mezani.

Jambo moja dogo: ukilipia bima yoyote kwa awamu za kila mwezi, uliza kama wanaihesabu kuwa mkopo. Baadhi ya kampuni huingia kwenye faili lako kukukagua kabla ya kukuruhusu kulipa hivyo.

Ukitaka kukopa tena

Rekodi safi haimaanishi mkopo utapita. Ukiwa bado unalipwa na bima, mkopeshaji wa nyumba ataomba karatasi za mshahara na taarifa za benki za miezi mitatu hivi, ataona pesa za bima badala ya mshahara, na atakataa kwa sababu kipato chako kina mwisho. Hiyo sio adhabu ya kudai. Subiri urudi kazini na upate karatasi za mshahara za miezi kadhaa.

Usiombe mikopo mitano wiki moja baada ya kukataliwa. Kila ombi kamili linaacha alama ambayo wakopeshaji wengine huiona kwa karibu mwaka mzima. Tumia vikokotoo vya ustahiki, ambavyo hukuchungulia bila kuacha alama wanayoiona wengine.

Na jiandikishe kupiga kura kama unaruhusiwa. Wakopeshaji hutumia daftari la wapiga kura kuthibitisha anwani. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha kwa sababu nchi zetu zimo kwenye Jumuiya ya Madola, na wengi wetu hatujui. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman wanaoishi England kwa kawaida hawana nafasi hiyo mpaka wachukue uraia. Wao wapeleke ushahidi wa anwani kwa kampuni hizo tatu na kuomba maelezo yawekwe kwenye faili kwamba hawastahili kujiandikisha.

Ukipokea fidia na uko kwenye Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hesabu akiba yako. Ikizidi pauni 6,000 malipo yanaanza kupungua, ikizidi 16,000 yanakatika.

Tulifanya nini na ile ripoti? Tuliomba kwa maandishi bima itupe kila ilichonacho kuhusu dai lake, kama sheria inavyomruhusu. Ndani yake tukakuta fomu ya mwajiri ilifika kwao mapema Mei, ikapotea kwao wenyewe wiki tano, ikaombwa upya. Bila kupotea huko, pesa zingefika mwishoni mwa Mei na rejesho la Juni lingelipwa. Tuliilalamikia bima, sio mkopeshaji, kwa sababu mkopeshaji aliripoti kilichotokea kweli. Bima ikakubali kosa, ikamlipa kidogo kwa usumbufu, ikaandika barua ya ukurasa mmoja tuliyoipeleka kwa mkopeshaji. Mkopeshaji akaondoa ile 3. Ya 1 na 2 akakataa, na nadhani alikuwa na haki, kwani zilitokana na siku 60 ambazo kaka alizitia saini.

Kilichobaki ni maelezo ya mteja, yale ya maneno yasiyozidi 200 ambayo kila mtu ana haki ya kuyabandika kwenye faili lake. Aliyaandika kwanza kwa Kiswahili, nyuma ya bahasha ya bima, kisha tukayageuza: nilipunguzwa kazi Machi, nilikuwa na bima, ilichelewa, nilipata kazi Agosti na nimelipa kila nilichodaiwa. Aliomba tuongeze kwamba tangu afike nchi hii hajawahi kukosa rejesho jingine lolote. Tukahesabu visanduku pamoja kuhakikisha ni kweli, mkopo mmoja baada ya mwingine, kisha tukaliongeza.